Nilichukua Machozi, Nikaacha Hesabu

Video yenyewe ilikuwa ya dakika mbili na kitu. Niko kwenye ukumbi mdogo hapa Machakos mjini, leso mabegani, naigiza mama ambaye kijana wake wa kidato cha tatu alifunikwa na mchanga mtoni. Nikafika sentensi ya mwisho, nikanyamaza. Ukumbi nao ukanyamaza, halafu makofi yakaanza, wengine wanapangusa macho. Rafiki yangu alikuwa anarekodi kwa simu. Usiku huo nikaiposti. Kufikia asubuhi ilikuwa imefika mahali ambapo mimi mwenyewe sijawahi kukanyaga.

Ilikuwa pia imefika kwa mama mkwe wa yule mama.

Kwa wale wageni hapa, wacha nijieleze. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Tangu hapo kazi yangu ni kuandika maigizo ya mtu mmoja kutokana na mahojiano. Naenda kwa watu na simu yangu, nawauliza maisha yao, narudi nyumbani naandika, kisha nasimama mbele yenu nikiwa wao. Nimekuwa mtu wa bodaboda aliyekatwa mguu. Nimekuwa msichana aliyerudi kutoka Saudia na begi moja. Na nimekuwa huyu mama. Jina lake nilibadilisha, hata jina la mto nilibadilisha. Lakini ndugu zangu, kijijini jina si kitu. Vijana waliofunikwa na mchanga karibu na kwao ni wangapi? Watu walimjua kabla sijamaliza sentensi ya tatu.

Ile sentensi ya mwisho sitairudia hapa, hata mkiniomba. Ilikuwa siri ambayo mume wake hakuijua. Sasa anaijua, na amejulia kwa WhatsApp.

Nilifuta video siku hiyo hiyo, lakini mnajua vile kufuta huwa. Halafu nikakaa ndani karibu wiki mbili bila kuposti chochote. Katika hizo wiki mbili nikaanza kusoma, kwa sababu nilitaka kujua kama mimi ndiye wa kwanza kuharibu hivi. Kumbe hii kazi iko na historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo iko hapa karibu, Limuru, mwendo wa matatu mbili tu kutoka Machakos. Nimekasirika sana kwamba nilifanya drama shuleni miaka minne na hakuna mtu aliyenieleza. Kwa hivyo leo nawaeleza nyinyi.

Tuanzie hapa nyumbani. Ukambani mtunzi na kiongozi wa wimbo huitwa ngui. Ngui anaimba mambo ya watu: nani ametupa familia, nani amekula pesa ya wenzake, njaa ilikuwaje mwaka ule. Anaweza hata kumtaja mtu. Lakini ngui wa zamani alikuwa anaimbia watu hao hao anaowaimba. Ukiguswa, uko pale pale uwanjani, unaweza kumjibu, na kesho mnakutana kisimani. Hilo liweke kichwani, tutalirudia.

Kisha wakaja wahoji wa aina nyingine. Mwaka wa 1932 serikali ya kikoloni iliunda tume ya ardhi chini ya jaji anayeitwa Morris Carter. Tume ilizunguka nchi ikisikiliza watu, na Wakamba nao wakatoa ushahidi kuhusu ardhi waliyopoteza. Maneno yakaandikwa, yakachapishwa kwa Kiingereza katika vitabu vinene pamoja na ripoti ya 1934. Na ardhi? Vilima vya Mua, hivi tunavyoviona kutoka mjini, vilibaki mikononi mwa walowezi. Kwa hiyo mahojiano peke yake si wema. Mtu anaweza kukusikiliza siku nzima, akaandika kila neno, na bado akaondoka na maneno yako bila kukuachia kitu.

Miaka minne baadaye watu wa hapa walikataa kusemewa. Mwaka wa 1938 serikali ilianza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa nguvu, ikisema mifugo ni mingi na udongo unaharibika. Ng'ombe waliuzwa kwa bei ya kutupa, na wakati huo huo kiwanda cha nyama kilikuwa kimejengwa Athi River na kinahitaji ng'ombe. Mwezi wa Julai, Muindi Mbingu na wenzake wakaongoza zaidi ya watu elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, kwa miguu mpaka Nairobi. Walipiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa. Walitaka kuongea na gavana mwenyewe, Brooke-Popham, si na karani wa kuandika ripoti. Muindi Mbingu alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Lamu. Lakini kabla mwaka kuisha serikali ilikuwa imeacha kunyang'anya ng'ombe kwa lazima. Leo wengi wenu mnamjua tu kama jina la barabara ya Nairobi.

Hiyo haikuwa tamthilia, najua. Naiweka hapa kwa sababu wale watu walikuwa na uchungu, na juu ya uchungu walikuwa na hoja. Walijua nani ananunua ng'ombe zao na kwa bei gani. Hawakwenda Nairobi kulia.

Sasa twende jukwaani.

Katikati ya miaka ya 1970 Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, wote walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, waliamua kuandika mchezo kuhusu Dedan Kimathi. Wangeweza kukaa maktaba wasome faili za mkoloni. Badala yake walisafiri mpaka nyumbani kwa Kimathi, Nyeri, wakaongea na watu waliomjua. Faili zilisema huyu ni gaidi. Watu wa kwao walikuwa na mtu tofauti kabisa kichwani. Mchezo ulitoka 1976, na Kimathi aliye ndani yake ni yule wa watu wa kwao.

Lakini somo lenyewe liko Kamĩrĩĩthũ.

Kamĩrĩĩthũ ni kijiji Limuru. Mwaka wa 1976 watu wa pale walikuwa na kituo cha jamii, wakaanza masomo ya ngumbaru. Mmoja wa walioongoza masomo hayo ni Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wanafunzi walikuwa wakulima, vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, watu wasio na kazi. Walipojua kusoma na kuandika, wakaandika na kusimulia maisha yao. Kisha kituo kikawaomba wale Ngũgĩ wawili waandike mchezo. Mwanzoni mwa 1977 rasimu ikawa tayari, kwa Kikuyu: Ngaahika Ndeenda, ambayo baadaye ilitolewa kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda. Inahusu Kĩgũũnda, kibarua mwenye ekari moja na nusu, na tajiri anayeitwa Kĩoi anayeitaka ardhi hiyo.

Hapa ndipo nilisimama kusoma nikatoka nje kupunga hewa. Waandishi walirudisha rasimu kijijini. Ikasomwa hadharani, na watu wakaanza kuirekebisha. Mzee haongei hivi. Wimbo huu haukuimbwa hivyo. Sherehe hii mmekosea mpangilio. Ngũgĩ, profesa mwenye riwaya zinazosomwa dunia nzima, alikaa chini akarekebishwa na watu waliojifunza kusoma mwaka uliopita. Mazoezi yalifanyika wazi, yeyote anayepita anaweza kusimama atoe maoni. Walipohitaji bunduki za kuigizia enzi za Mau Mau, kulikuwa na watu pale waliowahi kutengeneza bunduki msituni, na wao ndio walioonyesha jinsi.

Halafu kuna ile hesabu ya Bata. Ngũgĩ ameieleza katika kitabu chake Decolonising the Mind cha 1986. Kikundi cha wafanyakazi wa kiwanda kilikaa chini kikapiga hesabu ili wawaeleze wale ambao hawajawahi kufanya kazi kiwandani. Walikuta kwamba viatu wanavyotengeneza kwa siku moja vinatosha kulipa mishahara ya mwezi mzima ya wafanyakazi wote wa kiwanda, watu elfu tatu. Siku moja! Sasa zile siku nyingine zote za mwezi wanamfanyia nani kazi? Ndani ya mchezo kuna mfanyakazi wa kiwanda, Gĩcaamba, na ukimsikiliza akieleza maisha ya kiwandani unasikia watu waliokaa wakapiga hesabu yao wenyewe.

Nimekuwa nikifikiria hilo kila siku tangu nilisome. Mimi nikienda kuhoji mtu huwa nangoja machozi. Ukweli ndio huo. Nauliza maswali nikizunguka, nikizunguka, mpaka sauti ivunjike, halafu moyoni nasema, hapo, nimepata. Akianza kueleza bei, nani analipwa nini, chifu alisema nini, nani alitia sahihi, huwa natikisa kichwa tu nikingoja arudi kwa uchungu. Watu wa Kamĩrĩĩthũ walipoulizwa hawakutoa uchungu tupu. Walitoa uchambuzi, na waandishi walikuwa na akili ya kuuchukua.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, kwenye uwanja wa maonyesho ambao wanakijiji walijijengea wenyewe, wa kukaa watu zaidi ya elfu mbili. Walijaa. Tarehe 16 Novemba serikali ikaondoa leseni. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ akawekwa kizuizini bila kesi, akapelekwa Kamiti, akakaa huko mpaka Desemba 1978. Machi 1982, watu walipokuwa wanajaribu mchezo mwingine, polisi walikuja wakabomoa uwanja wote. Fikiria hilo. Alikuwa ameandika riwaya kali kwa Kiingereza kwa miaka na hakufungwa. Alifungwa baada ya kuandika kwa lugha ambayo vibarua wanaielewa, kitu ambacho wamekikubali kuwa chao. Ngũgĩ alifariki Mei 2025, na mtandao ulijaa picha zake. Wengi wetu tuliposti picha. Mimi pia niliposti, na sikuwa nimesoma.

Si Limuru peke yake. Tanzania, mwaka wa 1982 hadi 1983, Penina Muhando Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoa wa Mwanza. Hawakwenda na mchezo tayari. Waliishi na watu, wakauliza, wakachambua pamoja shida ipi inawaumiza zaidi, na likatokea suala la wasichana wadogo kupata mimba. Vijana wa pale wakatengeneza onyesho kwa ngoma na maigizo yao, na likiisha linafuatwa na mjadala. Ona mpango wake: walioulizwa ndio walioigiza, na waliotazama ndio waliojibu. Ni kama ule uwanja wa ngui.

Huko Marekani kuna mama anaitwa Anna Deavere Smith, na nadhani yeye ndiye karibu zaidi na hiki ninachofanya. Baada ya vurugu za Crown Heights, Brooklyn, mwaka wa 1991, alihoji watu wa pande zote, Weusi na Wayahudi, kisha akawaigiza wote peke yake, neno kwa neno, mpaka vigugumizi vyao. Mchezo unaitwa Fires in the Mirror, wa 1992. Wa Los Angeles uliofuata alihoji watu wapatao 300. Mwenzake, Eve Ensler, alifanya tofauti: alihoji wanawake zaidi ya 200 kisha akachanganya sauti, watu kadhaa wanaweza kuwa ndani ya mhusika mmoja. Huo mchezo, The Vagina Monologues, ulipigwa marufuku Uganda Februari 2005 kabla hata haujaonyeshwa.

Kwa hivyo kuna njia mbili. Neno kwa neno, ambapo mtu anajulikana na amekubali kujulikana. Ama kuchanganya, ambapo hakuna anayeweza kunyoosha kidole aseme ni fulani. Mimi nilichukua ubaya wa zote mbili: neno kwa neno, lakini na jina la uwongo, nikidhani jina la uwongo ni pazia.

Na sasa niwaambie kitu ambacho sijakisema popote. Ile sentensi ya mwisho haikuwa kwenye rekodi. Tulikuwa tumekaa karibu saa mbili. Mwaitu akasema, "Zima hiyo simu kwanza." Nikazima. Ndipo akaniambia. Nilikwenda nyumbani nikaiandika kwa kumbukumbu kabla ya kulala, kwa sababu nilijua, kama mwandishi, kwamba hiyo ndiyo sentensi itakayouza. Kwa mahojiano yote nilimpelekea unga pakiti mbili na kilo mbili za sukari. Mlangoni tulichukua mia mbili kwa kila kichwa.

Kuna Sheria ya Kulinda Data, ya 2019. Inasema ukitoa ruhusa ya habari zako kutumiwa, unaweza kuiondoa wakati wowote. Sheria hiyo hiyo inaacha nafasi kwa sanaa na uandishi wa habari, kwa hivyo mwanasheria mzuri pengine angenitoa. Lakini mimi sikuwa hata na ruhusa ya kuondolewa. Kuzima simu ni jibu. Alikuwa ameshanijibu.

Najua mtasema nini, kwa sababu niliwauliza wasee kadhaa wanaofanya kazi kama yangu. Mmoja aliniambia, ukianza kuwarudishia watu skripti waidhinishe, utabaki na hadithi za kufurahisha chifu. Kila mtu atafuta kitu. Hoja yake si mbaya. Lakini Kamĩrĩĩthũ inaijibu. Rasimu ilirudishwa kwa vibarua. Haikupelekwa kwa matajiri wa Limuru waulizwe kama wamependa jinsi Kĩoi alivyochorwa. Mwenye kidonda ana haki ya kusema nionyeshe ama nisionyeshe. Aliyemtia kidonda hana haki hiyo. Ukizichanganya hizo mbili utakuwa muoga kwa wenye nguvu na mkatili kwa wanyonge, na nikiangalia vizuri, mimi ndivyo nilivyokuwa. Katika igizo langu zima mwenye lori hakutajwa hata mara moja.

Tena siku zile uwanja ulikuwa mmoja. Ukimkosea mtu kwenye mchezo, amekaa safu ya tatu. Sisi tunaigizia Machakos, video inatazamwa Doha, halafu inarudi kijijini kupitia kwa mtu wa tatu ikiwa imekatwa kipande. Yule mwenye hadithi ndiye wa mwisho kuiona. Kama kuna wakati ambapo tunahitaji kurudisha rasimu kuliko 1977, ni sasa.

Nilirudi kwake. Sikukaribishwa ndani. Mama mkwe alikuwa mlangoni, akanitazama, akaingia bila kujibu salamu. Nikakaa kwenye mtungi uliopinduliwa, chini ya mwembe. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba msamaha na nikayasema vibaya. Mwaitu akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Zile zingine nilikupa. Hiyo sikukupa."

Tukanyamaza muda mrefu. Halafu, mimi sikuuliza, akasema nimsomee hiyo ingine yote, kwa sababu alikuwa ameona tu kile kipande cha mwisho.

Nikamsomea kutoka kwa simu. Alinisimamisha mara nyingi. Kijana hakuwa na viatu vya mpira, hizo nilitoa wapi? Hajawahi kumwita "kipenzi changu", hakuna mama wa hapa anaongea hivyo. Nilipomaliza akauliza, mbona hukuweka hesabu? Nikamwambia hesabu gani. Akanihesabia kwa vidole: pesa wanayogawana vijana wakijaza lori moja, bei lori hilo hilo linauzwa likifika Nairobi, na salio la karo lililomtoa kijana wake shuleni siku hiyo. Vijana walihitaji kujaza lori ngapi ili mtoto mmoja arudi darasani. Na kwamba mwenye lori hakuja matangani. Yote hayo alikuwa ameniambia siku ya kwanza, simu ikiwa imewashwa. Nilienda nikasikiliza rekodi upya. Yapo. Dakika ya ishirini na kitu, namsikia akihesabu, na najisikia mimi nikisema "mm, mm", nikingoja amalize.

Igizo nimeliandika upya. Halina ile sentensi, lina hesabu. Anataka kusomewa tena kabla hajaamua kama litaigizwa, na anaweza kukataa. Akikataa, basi. Ya mlangoni, nusu yake nilimpelekea, akachukua bila kunishukuru, na hakuna haja ya kunishukuru. Mume wake bado haongei na yeye vizuri. Hilo siwezi kulirekebisha kwa kuandika.

Hii posti pia nimemsomea kabla ya kuiweka hapa, yote, kuanzia juu. Alisema nitoe aya moja, inayomhusu kijana. Nimeitoa.